Mabukwe Anataka Kunipaka Mafuta Kwenye Ngozi Mpya

Kaze Mkali, sikio la wasioweza kusema nyumbani, nisaidie haraka kabla ya Jumamosi maana nimeshinda na bado naogopa! Mimi ni Shimwa, nashona nguo hapa Kicukiro, nimejifunza mwenyewe kwa kufumua mashati ya watu, na chunusi zilinichimba mashimo usoni mpaka shuleni wakaniita Kichujio, "Kichujio, tuchujie chai!", nikajaribu kila krimu ya sokoni, mashimo iko palepale. Basi daktari wa ngozi, mama mmoja wa Kiyovu, akasema anaweza kubandua ngozi ya juu kwa dawa kali, lakini kwanza nitupe krimu zangu zote, nipake yake kila usiku kwa wiki nyingi, nivae kofia, halafu akajaribu tone nyuma ya sikio, tukangoja tuone kama ngozi yangu itakubali, ikakubali. Sasa sikia akili yangu: ukishabanduliwa hutakiwi jua wala macho ya watu, na kwetu bibi harusi si anafichwa ndani mpaka siku ya gutwikurura, familia zije zimfunue? Nikaolewa na Conrad, kesho yake nikajifunika kitenge, huyoo Kiyovu!

Yewe, moto! Uso ukavimba macho yakafunga, ukafanya ganda la kahawia, vidole vinataka kuchokoa nikavikalia, mdomo haufunguki, Conrad ananinywesha uji kwa mrija wa pombe. Mama yake, mabukwe Mukarugwiza, anakaa nyumba ya nyuma, anaona mrija unaingia kila asubuhi, namsikia uani: "Conrad, huyu mtoto wa watu analewa hata jua halijatoka?" "Ana kiu, mama."

Ganda likaanguka lenyewe. Kaze, nilishika kioo nikapiga kelele! Mashimo iko wapi? Hakuna! Lakini Jumamosi mabukwe ana kibuyu cha mafuta ya ng'ombe aliyoyafukiza manukato kwa ajili yangu, atanipaka uso mbele ya familia zote mbili, halafu nitoke juani, na daktari amesema ngozi bado changa, nisipake kitu isipokuwa dawa yake, jua likinipiga nitatoka mabaka. Nikigeuza uso mabukwe ataona nimemdharau mbele ya watu, na huyu ndiye mama nitakayeishi naye. Conrad anasema, "Mwache apake, utanawa." Nifanyeje?

Shimwa, Kicukiro

Shimwa wewe! Hongera, Kichujio amekufa! Sasa nikugombeze. Umeweza kuvumilia moto usoni, unashindwa kusema neno moja kwa mama wa nyumba ya nyuma? Conrad mwambie anyamaze, mabaka hayatoki kwa kunawa. Na nyie mnaosoma hapo dukani, msithubutu kujibandua wenyewe na maji ya betri! Hata kwa daktari, tone la sikio likikataa, unarudi nyumbani na uso wako.

Mwite mabukwe leo, peke yake. Mfunulie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mweleze dawa, mweleze jua, usijitetee sana. Halafu mpe mikono na miguu ayapake hayo mafuta mpaka yaishe, na umuombe akushikie mwavuli. Umuombe yeye, si Conrad!

Hayo nilimtumia mbio, sikungoja gazeti. Jumatatu nikaona kofia kubwa inaingia hapa ofisini, inacheka kabla ya kukaa. Shimwa! Anasema mabukwe alimzunguka kama anayenunua ng'ombe, halafu akashika kichwa: "Kwa hiyo ule mrija ulikuwa wa uji? Na mimi nimeshakusema Kicukiro nzima!" Wakacheka mpaka Conrad akaja kuchungulia, akafukuzwa.

Jumamosi mama akapaka mikono, akapaka miguu, inang'aa. Shangazi mmoja akapaza sauti mbele ya wote: "Mukarugwiza, na uso je? Umeusahau?"

Mama akaweka kibuyu chini. Akafungua mwavuli, akamshika Shimwa mkono, wakatoka nje pamoja.

"Uso huu ameuzaa mwenyewe," akasema. "Mimi nabeba kivuli."

Vigelegele mpaka barabarani!

Haya, mama wakwe mnaonisoma, niambieni bila kudanganya: kibuyu kiko mkononi, familia mbili zinakutazama, na mtoto wa watu anakuomba mwavuli. Wewe ungefanya nini?