Nilisema Tayari Kabla Diski Haijajibu

Ndugu yangu, nimeponea chupuchupu.

Unaikumbuka programu yangu ya Python ya kuhamishia rekodi za zamani za redio yetu kwenye diski mpya? Ile inayotuma faili zote kwa mpigo bila kusubiri moja moja? Faili elfu nne, sekunde mbili, ikaandika TAYARI. Nikamwambia Mama Kanda, mtunza sauti wetu, afute diski ya zamani. Na ubeti wa kujisifu nikamghania, ofisi nzima ikisikia.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Juu ya kitufe, bwana.

Akasema, "Mwanangu, ngoja kwanza nimsikie marehemu mume wangu akisoma habari."

Akafungua faili ya kwanza kwenye diski mpya. Kimya. Faili tupu. Ya pili, tupu.

Nilituma maombi ya kuandika, sikungoja diski ijibu kwamba imeandika. Kosa la mstari mmoja.

"Kwa hiyo ulipiga hodi ukaondoka, kisha ukatangaza umekaribishwa," akaniambia polepole. Bora angenitukana.

Nimesharekebisha. Sasa inachukua dakika kumi na moja, na mzee wake anasikika vizuri. Lakini diski ya zamani ameitia mkobani, amekwenda nayo kunywa chai.