Gari Lisilotamaniwa na Majambazi

Chuno, Mtwara
Julai 1998

Kaka Shafii,

Assalaam aleykum. Sisi wazima. Mihogo ya mama huko Mahurunga imestawi, na Farida keshang'oka jino la mbele.

Ahsante kwa kututafutia Land Cruiser huko Dar, lakini usiilipie. Waliomteka mume wangu mwaka jana walitaka gari la aina hiyo hiyo, maana linauzika upesi. Nikaona afadhali Land Rover kuukuu ya fundi mmoja wa Mtawanya. Rangi imebabuka na inapiga kelele, lakini kwenye tope inapita, na hakuna jambazi atakayehangaika nayo.

Shemeji yako alikataa. "Watu watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai," nikamjibu.

Jumamosi tulikwenda kuijaribu. Alikaa kwenye usukani, akawasha. Pikipiki ilipotupita akajiinamia, kama siku ile walipomlaza chini na bunduki kisogoni. Fundi akajifanya anatazama tairi. Ndipo nilipoelewa kwamba hata tungenunua gari gani, hofu angepanda nayo.

Akazima, akanipa ufunguo. "Mama Farida, jifunze wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Basi tumeinunua. Fundi amenifundisha, na jana niliendesha hadi Mahurunga kwa mama. Kwenda, Baba Farida aligeuka nyuma kila aliposikia pikipiki. Wakati wa kurudi, tulipokaribia mjini, akaanza kunigombeza kwa jinsi ninavyobadili gia. Nilifurahi, kaka, mpaka machozi yakanitoka.

Mama anakusalimu sana, nami namsalimu wifi.

Mdogo wako,
Somoe