Mhuri wa Tarehe Kumi na Mbili

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jokofu la chanjo nyuzi nne. Kliniki wajawazito kumi na tisa. Wamejifungua wawili, watoto wa kike wote. Wa pili kaja na kamba ya kitovu shingoni, mzima. Mama yake alikuwa anaulizia uji kabla sijamaliza kumfunga mtoto kitovu.

Dokta Kitundu, mganga mfawidhi wetu, ameondoka asubuhi kwenda kozi Dodoma. Anarudi katikati ya Agosti. Kituo kaniachia mimi. Kaimu. Funguo za stoo, funguo za droo, mhuri wa kupokelea barua. Maelekezo yake ni yale yale: barua ikifika gonga mhuri wa tarehe kwanza, kusoma baadaye, maana ukianza kusoma utaitwa wodini na utasahau kugonga.

Maombi yangu ya uzamili wa ukunga yamekwenda Jumamosi. Aliyeyatuma ni Mwajuma, muuguzi mwenzangu, kwa simu yake. Mimi na hiyo mifumo hatuelewani. Yeye kapiga picha vyeti, kajaza, kaweka neno la siri analolijua yeye. Barua ya mwajiri itaongezwa baadaye, kabla dirisha la maombi halijafungwa. Nikamwambia niandikie. Kasema, "Dada, utalipoteza. Niachie mimi." Kweli ningelipoteza.

Yamebaki mawili. Chuo kinikubali, na halmashauri iniruhusu. Barua yangu ya kuomba ruhusa Dokta aliipitisha wiki iliyopita, iko Nduguti, makao ya halmashauri. Kikao ni mwisho wa mwezi. Kila kituo wanaruhusu mtu mmoja kwa mwaka. Mara mbili nimeshaomba, mara mbili nikaambiwa subiri, hakuna wa kubaki. Nina miaka thelathini na nane. Sisubiri tena.

Alhamisi, 12 Juni

Barua nne kwenye trei. Nimegonga zote nne na kutia sahihi, kisha nikakaa kusoma. Moja ya chanjo. Moja ya choo cha wodi ya wazazi kuziba, inatoka kwa mwenyekiti wa kijiji, utadhani mimi ndiye fundi. Moja ya likizo ya mhudumu.

Ya nne ya Mwajuma. Anaomba ruhusa ya masomo. Uzamili wa ukunga, chuo kile kile. Kupitia kwa Mganga Mfawidhi, yaani mimi, niandike neno langu chini na kuipeleka Nduguti.

Hakuniambia. Au aliona hakuna haja, maana anajua itapita mezani kwangu. Ana miaka ishirini na saba na alama za shahada zinazong'aa. Zangu zinatosha kuomba, basi. Wakiona majina mawili kutoka kituo kimoja watachagua moja. Mimi mwenyewe ningemchagua yeye.

Nimeiweka droo ya chini.

Ijumaa, 13 Juni

Bado iko droo ya chini. Jumatatu nitaipeleka.

Jumatano, 18 Juni

Nduguti. Bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nimepeleka taarifa ya mwezi, maombi ya dawa, barua ya likizo, hata ile ya choo. Karatasi moja imebaki kituoni. Sikuisahau.

Afisa wa pale, kijana mpole, kafungua faili langu. "Kutoka kituo chenu ni wewe tu, mama?" Nikasema ndiyo. Kwa karatasi zilizokuwa mezani kwake ni kweli. Kurudi nilimsimamisha dereva njiani, nikashuka, nikapanda tena. Nikamwambia dereva ni vumbi.

Jumapili, 22 Juni

Kinyangiri, kwa mama. Kanisani, kisha kupiga alizeti mpaka jioni. Mgongo umekatika.

Mama kaniuliza kwa Kinyiramba, mbele ya majirani, kwamba wanawake wanazaa hapa hapa, mimi nakwenda kusomea kuzaa kwa nani. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia nataka kufundisha. Kusimama mbele ya darasa na viatu safi, baada ya miaka kumi na minne ya mabuti ya plastiki. Akasema viatu safi naweza kuvaa Jumapili.

Habari ya droo sikumweleza. Angesema neno moja tu na ningemtii. Ndiyo maana sikumweleza.

Jumanne, 1 Julai

Kikao kimekaa. Ruhusa yangu imetoka. Jina moja, langu.

Mwajuma kanikumbatia mbele ya wagonjwa. Halafu: "Dada, na yangu wamesemaje?"

"Bado."

"Aa, Nduguti bwana. Wameniweka kiporo." Akacheka, akaenda kupima watu presha.

Sikuona aibu wakati nalisema. Aibu imekuja baadaye, nikiwa nafungasha vidonge.

Alhamisi, 10 Julai

Baridi na upepo. Kila siku saa nne, wakati wa chai, Mwajuma anapanda kwenye mwamba nyuma ya kituo. Intaneti inashika pale juu tu. Anafungua mfumo wa chuo, anaangalia maombi yangu, anashuka akitikisa kichwa. "Yanashughulikiwa, dada." Nimemwambia aache, yakiwa tayari yatakuwa tayari. Kesho yake kapanda tena.

Jumatano, 16 Julai

Malaria. Siku tatu kitandani. Mwajuma kashika zamu zangu zote, na leo kaniletea mlenda na kuku. Kuku mzima, mtetea. Nimemkaripia kwa kuchinja mtetea anayetaga, mtu gani anafanya hivyo. Nilitaka agombane na mimi. Hakugombana. Akaniwekea maji ya kunywa karibu na kitanda, akaenda zamu.

Ijumaa, 25 Julai

Dirisha la maombi limefungwa leo saa sita mchana. Mwajuma alishajaza yake yote. Mfumo umeyakataa, hayana barua ya mwajiri. Alikaa juu ya mwamba mpaka saa saba. Aliposhuka akaosha vifaa vya kuzalishia, ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Angeweza kwenda Nduguti kuuliza mwenyewe. Hilo nimeliogopa mwezi mzima. Hakwenda. Alisema, "Dada yangu ameshaniulizia, nikienda tena nitaonekana namruka." Adabu yake ndiyo iliyonisaidia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 3 Agosti

Mama wa uzao wa sita, damu haikatiki baada ya kujifungua. Nilishtuka. Mikono yangu ilijua la kufanya lakini ilichelewa. Mwajuma hakuchelewa. Sindano, dripu, mkono tumboni, anaongea na yule mama taratibu kama wako jikoni wanamenya viazi. Damu ikakata. Gari la wagonjwa lilipofika, mama alikuwa anaulizia kanga yake.

Amenizidi. Nilijua tangu mwanzo. Leo nimeona.

Jumanne, 12 Agosti

Nimechaguliwa.

Mwajuma kaona kwanza. Vigelegele kutoka juu ya mwamba, wajawazito wakatoka kliniki kuangalia kuna harusi gani. Kateremka anakimbia, ndala mkononi. Mhudumu kapiga ndoo. Mama mmoja mwenye uchungu kasema, "Hongera sista, lakini njoo." Nikaenda. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu.

Furaha nimeipata. Ilidumu kama robo saa. Halafu Dokta kapiga simu, kanipongeza, kasema anarudi Jumatatu, niandae makabidhiano. Kila kitu kwenye orodha. Stoo, jokofu, barua zote. Yeye akipokea ofisi hufungua kila droo, namjua.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa kumi jioni nimepeleka maboksi ya sindano kwenye kichomea taka. Na karatasi moja mfukoni. Nimetupa maboksi. Nimetoa karatasi.

Niliyoyawaza ni haya. Nikiichoma, naweza kusema haikufika. Au nimwambie Mwajuma ilipotea, aandike nyingine, niigonge mhuri wa leo. Angeandika. Tena angeniomba radhi kwa usumbufu.

Mhuri wa bluu. IMEPOKELEWA, 12 JUNI. Sahihi yangu juu yake. Ningesoma kwanza nisingegonga, na tarehe ningejichagulia mwenyewe. Miezi miwili nimekuwa namlaani Dokta na utaratibu wake.

Moto ulikuwa mzuri, unavuma. Nikairudisha mfukoni. Si kwa wema. Nimechoka kulijua jambo hili peke yangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempa. Chumba cha kujifungulia, hakukuwa na mgonjwa. Nikasema, "Hii haikwenda Nduguti. Niliikalia mimi, nipate ruhusa peke yangu."

Kaisoma yote, kama hajawahi kuiona. Kidole kikasimama kwenye mhuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka.

"Yule kuku nilimwomba kwa mama yangu," akasema. "Nilimwambia dada yangu anaumwa."

Akanirudishia barua, akavua aproni, akaitundika, akatoka.

Nimefikiri kuikataa nafasi. Nimefikiri kwa muda wa kuchemsha vifaa. Dirisha limeshafungwa, nikikataa mimi hapati yeye. Hilo limenifariji kuliko linavyostahili. Nakwenda.

Jumatatu, 18 Agosti

Makabidhiano. Dokta husoma orodha kwa sauti, na leo hakuacha. Gloves, maboksi matano. Mizani, moja mbovu. Namba kumi na moja, niliyoiandika mwenyewe: "Barua ya muuguzi kuomba ruhusa ya masomo. Imepokelewa 12 Juni. Haikupelekwa." Mwajuma alikuwa mlangoni na faili la mgonjwa. Hakuondoka.

Dokta kavua miwani, kaniita jina. "Elipendo." Kaandika neno lake na tarehe ya leo chini ya barua, ataipeleka mwenyewe kwa ajili ya mwakani. Kuhusu mimi kasema ataandika anachopaswa kuandika. Nikamwambia aandike.

Ile barua itakaa kwenye faili la Mwajuma mpaka astaafu. Kila atakayeifungua atasoma tarehe mbili na ataona sahihi ya nani iko juu ya ile ya kwanza.

Jumatatu, 25 Agosti

Onyo limefika, kwa maandishi. Ruhusa haikuguswa. Nimetia sahihi kwamba nimelipokea.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi chuoni. Mfumo unataka neno la siri. Sijawahi kulijua. Tangu asubuhi nimepima joto la jokofu mara tatu, nyuzi nne mara zote.

Mwajuma haninunii. Ingekuwa afadhali. Shikamoo ananipa kila asubuhi, zamu ananikabidhi vizuri, dawa, damu, mapigo ya mtoto, kila kitu kimeandikwa. Ila ananiita Sista. Kama wagonjwa.

Saa nne nikamwomba. Kachukua bahasha ya vidonge, kaandika, kaiweka mezani. "Hiyo hapo, Sista." Akarudi kwa mgonjwa wake.

Nimepanda mwamba mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ni mrefu kuliko unavyoonekana ukiwa chini. Nilipofika juu ndipo nikasoma bahasha.

*Dadayangu1*

Nikakaa chini kidogo. Kisha nikaandika, herufi moja moja, kwa kidole. Ikafunguka. Nikathibitisha. Mfumo ukaniuliza kama nataka kubadilisha neno la siri. Nikabonyeza hapana.

Upepo ulikuwa mkali. Nimeshuka taratibu. Kliniki kulikuwa bado na wajawazito sita.