Jina la Ndugu Yangu Sikuliingiza kwenye Jedwali

Mpendwa Mama Sieni,

Naomba msaada wako, na ukitaka kunikaripia nikaripie tu, maana nimechoka kujikaripia mwenyewe. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, niko huku kisiwani Savai'i, natunza seva ya barua pepe ya shule ya kanisa letu, na hata walimu waliostaafu wana masanduku yao humo, barua zao nazichapisha mimi nawapelekea nyumbani.

Mwaka jana barua taka zilituzidi, matapeli kila siku, nikaweka kichujio. Mwanzo majina ya watu tunaowaamini nilikuwa nayaandika kwenye faili, na kila nikiongeza jina lazima nizime seva niwashe, nikachoka, nikakipanga upya kiwe kinauliza hifadhidata: barua ikiingia kinatazama kwenye jedwali kama jina la aliyetuma limo, likiwemo inapita, lisipokuwemo inapimwa kwa ukali, na kama imetoka ng'ambo ina kiambatisho na maneno ya haraka haraka inawekwa kizuizini, siku thelathini zikiisha inafutwa yenyewe.

Sasa ukoo wetu ukakaa kuchagua matai, yaani mkuu wa ukoo anayepewa jina la cheo, nikajua ni mimi, maana ndiye niliyebaki, ndiye ninayepanda magimbi na kuhudumia kila mkutano. Wakampa Pesamino, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye yuko kwenye meli ya uvuvi kusini mwa New Zealand. Akaja wiki moja, kinywaji cha kava cha kumtawaza kikanywewa, akaondoka anaitwa Seuloa. Hata anwani ya barua pepe akaibadilisha iwe ya jina la cheo, akanipigia kabla meli haijatoka: "Kaka, niingize kwenye ile mashine yako, huko tuendako simu haishiki, ni barua pepe tu."

Nikamwambia, "Haya, mheshimiwa." Akacheka, akadhani namtania.

Sikumwingiza. Ni mstari mmoja, Mama, nusu dakika, lakini nikikaa kuandika Seuloa vidole vinagoma, naona kama ninakubali kwa mkono wangu mwenyewe, nikawa nasema kesho, kesho.

Shangazi yetu Lanuola, mwalimu mstaafu aliyetulea sote wawili, macho yanamfia. Pesamino ndiye anayemtafutia nafasi hospitali ya Auckland. Kila asubuhi shangazi ananiuliza, "Leo kuna kitu?" namjibu, "Hakuna, shangazi." Kizuizini sikutazama, nilijifanya sina muda.

Ijumaa nimetazama. Nimekuta barua ya pili ya Pesamino kwa shangazi, imeingia jana yake, anasema nafasi ya kwanza imepita bila jibu, ameomba nyingine, hospitali ijibiwe ndani ya siku tisa la sivyo anapewa mgonjwa mwingine, na jicho la kushoto halisubiri tena. Ile ya kwanza imeshafutwa.

Jumapili baada ya kanisa tunakula, shangazi anasema, "Yule tangu apewe jina kubwa, mimi nimekuwa mdogo." Mjomba akanigeukia: "Tungekupa wewe, angalau upo." Na mimi, Mama, niliendelea kula.

Nikiitoa hiyo barua kimyakimya nikasema mashine iliharibika, wote wataamini, hapa hakuna anayejua seva. Nikisema kweli sijui nitakaa wapi. Nifanye nini?

Mtunza seva, Savai'i

*

Ndugu mtunza seva,

Wasomaji watalikuta jibu hili gazetini baadaye. Wewe nimekutumia siku ileile barua yako iliponifikia, na natumaini kichujio chako hakikunizuia na mimi.

Nakuonea huruma kidogo. Tumelelewa tukiambiwa utumishi ndio njia ya mamlaka, ukatumikia, halafu wakampa aliye mbali. Inauma. Mume wangu alihudumia miaka thelathini akafa na jina lake la utoto. Lakini hakumpofusha mtu kwa ajili hiyo.

Mashine yako haikuharibika, usiisingizie. Inakuuliza kila barua inapoingia, huyu tunamjua? Nawe ndugu yako mwenyewe, mliyelala naye mkeka mmoja, ukamwacha asimame na matapeli. Na ulipokaa pale unakula huku anasemwa, hapo hakukuwa na mashine.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwenye seva. Andika Seuloa kwenye jedwali, jina zima. Itoe barua, ijibu hospitali leo, na nakala mpelekee Seuloa umweleze ile ya kwanza ilipotelea wapi. Halafu panga kila mwenye sanduku apate asubuhi orodha ya barua zake zilizozuiliwa, ili mambo ya watu yasikae tena moyoni mwa mtu mmoja.

Kisha nenda kwa shangazi. Usijifunike mkeka ukapiga magoti uwanjani kwa ile desturi yetu ya kuomba radhi, kijiji kikutazame, macho yake hata hayatakuona. Kaa karibu naye, umsomee barua yote, uanze na jina la aliyeiandika, lile jipya. Mwambie kwa nini imechelewa kabla hajakuuliza. Mjomba naye aambiwe, na umwambie wewe, pale pale mezani.

Shangazi akikufukuza, ondoka, usibishane. Kesho yake asubuhi rudi na barua zake.

Mama Sieni