Mama Mdogo Anachorwa

Bredäng, Stockholm
Mwezi wa tano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua huko Bukavu hatuamkiani hivyo, lakini salamu hii niliiokota kambini Tanzania nikiwa mtoto na mpaka leo haijanitoka, kwa hiyo ipokee tu. Mguu wako unaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba bado unakwenda kituoni kudunga watu sindano huku unachechemea, na kwamba mgonjwa mmoja alikuuliza kati yenu wawili nani amekuja kutibiwa. Nilicheka, halafu nikaona si vizuri. Tafadhali pumzika, wauguzi wengine wapo. Sisi huku tu wazima. Baridi imeondoka, miti imetoa majani, na Waswidi wamejipanga kwenye ngazi za majengo wamefumba macho, wanaota jua kama kuku waliotoka kunyeshewa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kadi ya simu huisha palepale mtu anapofika kwenye jambo lenyewe. Na jambo lenyewe ni ahadi yetu. Hujaisahau, maana ulinitamkisha mara mbili: mwaka mmoja wa kuchora, na mwisho wa mwaka wasiponipandisha darasa la rangi, naacha bila kulia, naenda kusomea uuguzi kama wewe. Nilikubali. Mwaka umefika mwisho, na nataka usikie yote kwa mpangilio kabla hujasikia kwa watu.

Shule yenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Ni ndogo, iko ghorofani, ina dirisha kubwa linalotazama kaskazini, na wanafundisha kama walivyofundishwa wachoraji wa karne ya kumi na tisa, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kwanza unanakili michoro ya zamani. Halafu unachora sanamu za plasta nyeupe: pua peke yake, mkono peke yake, mguu usiokuwa na mwenyewe. Kuna sikio moja nililianza majani yakianguka na nikalimaliza theluji imeshakaa. Tunachora kwa mkaa, ila huu ni wa vijiti vyembamba, na tunafutia mkate, ule wa ndani ulio laini, kwa sababu watu wa enzi zile ndivyo walivyofanya. Rangi huigusi mwaka mzima. Mwalimu wetu, bibi mmoja anayeitwa Gunnel, anatuambia kwamba zamani hizo wanawake hawakuruhusiwa hata kuingia chumba cha kuchorea watu hai, walibaki na plasta mpaka wakazeeka. Akisema hivyo anatutazama sisi wasichana kana kwamba tukilegea kidogo mlango utafungwa tena. Hapa mwalimu huitwa jina lake tupu. Mimi namwita Mwalimu, na ameshachoka kunikataza.

Mtihani wa kupanda darasa la rangi ni mmoja tu: unamchora mtu hai kwa wiki tatu, kichwa, mabega na mikono, pamoja na nguo aliyoivaa, kwa mkaa. Kila mwanafunzi huja na mtu wake. Wenzangu walileta baba zao na wachumba zao. Mimi nilimwomba Mama Mdogo.

Unamjua shemeji yako. Hakuuliza ni kazi gani, aliuliza tu saa ngapi. Jikoni anakofanya kazi, katika nyumba ya wazee kulekule Tumba anakoishi, anaingia mchana, kwa hiyo asubuhi zake zote alinipa. Siku ya kwanza alikuja amevaa kitenge cha kijani chenye ndege, kilemba kimesimama, hereni zinacheza. Mwalimu alichora chaki kuzunguka viatu vyake sakafuni ili kila siku aweke miguu palepale, akamwonyesha doa ukutani la kutazama. Mama Mdogo akakaa wima kama mke wa gavana. Tulipopumzika kidogo nikaenda kunawa mikono, na niliporudi nikakuta amekula kifutio changu chote. "Mkate mkavu hivi," aliniambia, "hamna hata siagi?"

Siku ya pili alikuja na kitenge cha manjano. Siku ya tatu kilikuwa cha zambarau, na kilemba kimefungwa kwa mtindo mwingine kabisa. Mwalimu akaniita pembeni na kuniambia mtu anayechorwa havai nguo tofauti kila siku, nusu ya mtihani ni mikunjo ya nguo, na mikunjo haichoreki ikibadilika. Nikamfuata Mama Mdogo alikokaa.

"Mama Mdogo, kile cha kijani kiko wapi?"

"Kiko ndani ya sanduku. Watu si walikiona juzi?"

"Naomba ukivae kesho tena. Na kesho kutwa, mpaka tumalize."

"Wiki tatu?" Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nimefiwa na nani?"

Wewe na mimi tunajua maana yake, lakini Mwalimu hakujua, ikabidi nimweleze kwa Kiswidi kwamba kwetu mwanamke anayeonekana na kitenge kilekile kila siku ni mfiwa, na watu huanza kumpa pole. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akasema hapa hakuna atakayempa pole. Hakuelewa, na simlaumu.

Nilikwenda naye hadi kituo cha treni ili nimbembeleze njiani. Hakunipa nafasi. Aliniambia jambo ambalo miaka yote hajawahi kulitamka.

"Furaha, miye kitenge kimoja nilishakivaa. Ulikuwapo."

Kweli nilikuwapo. Baba, ninyi mlibaki Bukavu, hamkuona. Vita vilipotukuta nimekwenda kwake likizo, tukakimbia mpaka tukavuka kuingia Tanzania, na Baba Mdogo tayari ameuawa, Mama Mdogo alikuwa na kitenge kimoja tu mwilini. Kilikuwa nguo yake ya msiba, ya kulalia na ya kupangia mstari wa unga. Jioni alikifua, akajifunga blanketi la msaada, akakaa mlangoni pa hema akingoja kikauke. Sikumbuki kama kilikuwa na rangi. Alipopata kazi hapa Uswidi, kitu cha kwanza alichonunua ni vitenge, kabla ya kitanda, na toka hapo sijamwona akirudia nguo siku mbili. Nilipomaliza kukumbuka hayo treni yake ilikuwa imeingia. Nikampungia mkono, na sikumwomba tena.

Nikaamua nitachora hivyohivyo. Uso ulikuwa uleule kila siku, na mikono ileile. Nguo peke yake ndiyo iliyonitesa. Kila asubuhi nilifuta mabega ya jana kwa mkate na kuanza upya na kitenge kipya, nikijidanganya kwamba siku ya mwisho, chochote atakachovaa, nitakimaliza kwa siku moja. Wiki ya kwanza karatasi ilivumilia. Wiki ya pili ikaanza kuota manyoya mabegani, mkaa ukawa haushiki, unateleza. Mwalimu akasimama nyuma yangu akasema karatasi ile itatoboka, na watakaohukumu wataona tundu kabla hawajaona uso. Nikamjibu najua. Akaniambia basi mwambie huyo mama. Nikamjibu sitamwambia. Tulibishana kwa sauti ya chini, kwa Kiswidi, nikasahau kwamba Mama Mdogo amekaa nchi hii muda uleule niliokaa mimi.

Wakati wa mapumziko akaja kusimama mbele ya mchoro. Akayagusa yale manyoya kwa kidole.

"Karatasi ikitoboka?"

"Basi, nimeanguka."

"Ukianguka?"

"Nitaenda uuguzi. Nilimwahidi Baba."

"Na miye hukuniambia."

"Ungefanya nini, Mama Mdogo?"

Alivaa koti lake akaenda kazini. Baba, jioni ile kwenye kibarua changu cha kusafisha ofisi Södertälje nilideki huku nimeshajiona na gauni jeupe la uuguzi.

Kesho yake alikuja na kitenge cha bluu chenye majani, kilekile cha jana yake. Aliketi, akaweka miguu ndani ya chaki, akainua kidevu.

"Chora," akasema. "Usinitazame hivyo. Tazama kwa kuchora."

Basi nikachora. Alikivaa siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nikilia kidogo asubuhi ile ya kwanza, na mkaa na machozi havipatani, ikabidi Mwalimu anipe kitambaa. Mwalimu naye aliona kilichotokea. Toka siku ile alikuwa akimletea Mama Mdogo mkate wenye siagi na chai, jambo ambalo hakumfanyia baba wa mtu yeyote.

Gharama yake niliijua baadaye. Treni ya asubuhi kutoka Tumba wanapanda wamama wengi wa kanisani kwetu. Siku ya tatu mmoja wao akahamia kiti cha karibu yake, akamshika mkono, akamwuliza kwa kunong'ona, "Dada, umefiwa na nani? Mbona hukutuambia?" Mama Mdogo akamjibu kwa sauti iliyosikika behewa zima, "Sijafiwa. Ninachorwa." Unafikiri waliamini? Jumapili jioni walikuja nyumbani kwake na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na bahasha ya rambirambi, wakakaa kwenye makochi nyuso zimeinama, wakingoja atoboe siri. Bahasha wakaondoka nayo. Sombe tulikula.

Na wakati huo mimi nilikuwa najifunza kitu ambacho plasta haikunifundisha. Ile plasta ni nyeupe, unatafuta kivuli chake tu, kilichobaki ni karatasi. Uso wa Mama Mdogo hauendi hivyo. Uso wetu wenyewe una giza lililotulia, na nuru ndiyo inayotembea: inakaa juu ya shavu, inapita kwenye paji, inashuka ukingo wa mdomo. Nilihangaika. Nikamwita Mwalimu, naye akavuta kigoda akaketi pembeni yangu akatazama muda mrefu, halafu akakiri kwamba hili yeye hakufundishwa, tulitafute pamoja. Nilimpenda sana kwa neno hilo.

Siku ya kuhukumu michoro ilitundikwa bila majina, sisi wanafunzi tumesimama nyuma. Wahukumu walikuwa walimu watatu, Mwalimu wangu mmojawapo. Walipoufikia wa kwangu mmoja aliinama karibu na mabega, akauliza huku pametokea nini, mbona chini ya kitenge cha bluu pana ndege na maua kama mizimu. Mwalimu akamwambia, "Huyu mama ana nguo nyingi." Yule hakucheka. Alisema ni uchafu wa kazi, na akakataa. Wa pili akasimama mbele ya uso, akarudi nyuma, akasogea tena. Mwishowe akasema uso kama huu hakuwahi kuuona ukichorwa katika chumba kile, na yeye angependa aone mkono huu utafanya nini ukipewa rangi. Mwalimu naye akakubali: wawili dhidi ya mmoja. Nimepanda, Baba.

Jumamosi nilimleta Mama Mdogo autazame ukiwa ukutani. Alikuja na kitenge kipya kabisa, chekundu. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi, nami nikaanza kujieleza kuhusu mabega, kuhusu karatasi. Akanizuia kwa mkono.

"Miye nilifikiri nilibaki na ile sura ya kambini," akasema. "Vioo sikuviamini."

Halafu akaniuliza kama atapewa akauweke nyumbani. Nimemwahidi.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Kwa ahadi yetu ninayo haki ya kuendelea, lakini sitaki kuendelea kwa haki, kama mtu aliyekushinda mahakamani. Najua ulivyotamani kuniona na vazi lile, na kila chanjo uliyotupa sisi watoto wako kwa mkono wako mwenyewe naikumbuka. Hukuwa na lazima ya kunipa mwaka huu. Uliniamini bila kuona hata mstari mmoja niliouchora, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo wangu wote, sasa na siku zote. Mwalimu alipokuja na karatasi ya kukubali nafasi, nilimwambia siwezi kutia sahihi bado, jibu litatoka Bukavu. Akacheka. Akanitazama, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, akaona sicheki, akaacha. Akasema atanishikia nafasi mpaka shule ifungwe.

Nisalimie Mama, mwambie mdogo wake amenenepa na anamdai picha. Msalimie Dada mkubwa kule Uvira na mume wake fundi seremala, na kaka yangu wa redio mbovu, mwambie aache kufungua za watu asizoweza kuzifunga. Mpe salamu zangu bibi yetu, na yule mwenzako wa kituoni anayekushika mkono ukipanda ngazi, simjui lakini namshukuru.

Na kabla hujanijibu mimi, mpigie simu Mama Mdogo. Hajui kwamba nimekuandikia habari za kile kitenge, na angekataza. Usimwulize lolote. Mwambie tu kwamba umesikia alichorwa.

Halafu niambie neno lako, Baba, hata liwe moja. Kalamu ninayo, karatasi iko mezani, na mkono wangu hautatia sahihi kabla yako.

Binti yako,
Furaha