Madaftari Saba ya Mtu Mpingo

Chamazi, Temeke
Jumatatu, mvua imekatika kidogo

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Na wewe shemeji Asumpta, ambaye najua ndiye unayemsomea kaka, hujambo? Nimeandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza ili usipate tabu. Nakuomba jambo moja tu: usiruke mstari. Hata ukifika mahali unapoona aibu kusoma, soma tu. Aibu ni yangu, si yako.

Kabla ya yote, tangazo. Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano ya kina na mke wangu, ambaye wakati wa mashauriano alikuwa anapepeta mchele na wala hakuinua kichwa, mie Kasiani natangaza rasmi kujiuzulu kuwashabikia mashujaa wote wanaoruka angani, wanaovaa nguo za kubana na wanaookoa dunia. Uamuzi huu umeanza kutumika Jumamosi iliyopita. Wananchi wa Chamazi wameipokea taarifa kwa utulivu, maana hakuna aliyeisikia.

Sasa habari za macho, kaka? Uliponipigia wiki ile ukaniambia daktari kasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi, kinacholindwa ni kilichobaki, nilikuuliza sasa unaonaje. Ukasema unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Halafu ukacheka: "Angalau sasa simwoni jirani akikatiza kwenye mikorosho yangu." Na mie nikacheka. Nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo pale uani mpaka mke wangu akauliza, "Baba Joni, unataka kuoga au umeipenda ndoo?"

Sie huku tupo. Mguu wangu wa kushoto unajua mvua kabla ya redio. Joni kapata kazi ya ulinzi Gongo la Mboto, anakuja Jumapili moja moja, anakula, anasinzia, anaondoka. Na mie bado niko palepale kwenye kibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi sita, televisheni moja, na mie pembeni na kipaza sauti. Wazungu wakisema kwenye filamu, nasema Kiswahili. Wakinyamaza, naongeza ya kwangu. Zamani mabenchi yalikuwa hayatoshi, watu wanakaa chini, wengine wanachungulia kwenye matundu ya misumari. Siku hizi kila mtu ana sinema yake mfukoni, kwenye simu. Siku za mpira pale uwanjani ndiyo kabisa, naongea na watu wanne, na mmoja wao kalala. Nina miaka hamsini na mbili, kaka, natafsiri vita vya sayari kwa mtu anayekoroma.

Lakini nisikudanganye kwamba nimejiuzulu kwa sababu ya mabenchi matupu. Sababu nilizomwambia mwenye kibanda ni hizi, na wewe uzisikie, maana zina ukweli ndani yake.

Hizi filamu zimekuwa hazina haya. Kila moja lazima mji ubomolewe. Shujaa anapigwa na ghorofa zima, anainuka, anajipangusa vumbi, anaruka zake. Hakuna hata mmoja anayebaki kufagia. Mie hapo huwa naweka sauti ya mama lishe: "We baba unayeruka, na masufuria yangu je?" Watu wanacheka, lakini mie nauliza kweli. Hapa kwetu mvua ya mwezi uliopita iliangusha ukuta mmoja tu wa choo, na mpaka leo watu wawili wa nyumba hiyo hawaongei.

Halafu hawafi, kaka. Juzi juzi kafa mmoja, kafa kabisa, kafunikwa shuka, mama yake kapiga magoti. Nikawa natafsiri kilio cha yule mama, na katikati yake nikamwona mama yetu pale kwenye mkeka, nikalia kweli. Mzee Mkude, mgambo mstaafu ambaye benchi la mbele analihesabu lake, akageuka: "DJ, usijichoshe. Huyo anarudi sehemu ya pili." Na kweli, alirudi, tena na nguo mpya. Tangu siku ile sijaweza tena kulia vizuri kwenye kipaza sauti. Mama yetu hakuwa na sehemu ya pili.

Na kubwa kuliko yote, wamesahau walikotoka. Watu wa hapa wanadhani mashujaa hawa walizaliwa kwenye kompyuta. Nawaambiaga kila siku: jamani, hawa walizaliwa kwenye vitabu vya vibonzo, karatasi dhaifu, wino unaobaki kwenye vidole, vilivyochorwa na vijana wasio na mbele wala nyuma. Kwenye karatasi, shujaa alikuwa anashona mwenyewe nguo yake ikichanika. Na kati ya kisanduku na kisanduku kulikuwa na ule uwazi mweupe. Kisanduku cha kwanza, kainua ngumi. Cha pili, mlango uko chini. Mlango kauvunja nani? Msomaji. Hapo kwenye uwazi, wewe mtoto uliyekaa juu ya jiwe ndiye uliyevunja mlango, na mkono unakuuma kidogo. Filamu inakuvunjia mlango yenyewe, inakuonyesha kila kibanzi, polepole, na wewe umeweka mikono mapajani kama mgeni wa upande wa bwana harusi.

Haya sikuyasoma popote, unajua nilikoyaona. Madaftari yako saba ya shule, yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kalamu ya bluu, mkaa, na ile rangi ya kijani uliyokamua kwenye majani ya mhogo ukatupaka wote. Mtu Mpingo! Panga halimwingii, risasi zinamgonga kama mtu anayebisha hodi, lakini akikaa juani sana anapasuka, kama magogo ya kuchongea ya baba yalivyopasuka yakikauka haraka. Kwa hiyo mama yake anamfuata vitani kila mara na gunia bichi la kumfunika. Kaka, nimetafsiri mashujaa wa kila rangi, sijaona hata mmoja anayefuatwa vitani na mama yake na gunia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nalala namwazia yule mama: je, leo gunia litakauka kabla hajafika?

Salamu naziweka hapa katikati, maana nikifika mwisho sijui kama mtataka kuzipokea. Nisalimie mama mkubwa wa kule bondeni, mwambie ule ubuyu aliotuma ulifika na mke wangu kaumaliza peke yake kwa kisingizio cha presha. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na katekista jirani yenu, yule mwenye kuanza wimbo juu sana halafu anawaachia wengine waumalizie. Mjukuu wako Anita mwambie babu yake mdogo wa Dar anamsalimu, na kwamba hilo jino lililong'oka asilitupe juu ya bati la watu.

Shemeji, hapa Anita atoke akacheze.

Kaka, kwenye ile simu uliniomba kitu kimoja. Ulisema, "Kasiani, yale madaftari yangu, kama ile ofisi ya jarida la vibonzo bado inayo, nitafutie. Nataka nimwonyeshe Anita picha moja moja kwa kidole changu, kabla hili tundu halijafunga." Nikakujibu kwamba ofisi ilifungwa miaka mingi, lakini nitauliza uliza.

Sikuwa na pa kuuliza. Madaftari yako yapo kwangu. Yote saba. Yamekuwa kwangu siku zote, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nimeyafunga kwa nailoni. Ndiyo hayo yaliyo kwenye kifurushi alichokuletea kondakta pamoja na barua hii. La tatu lina doa la chai, ni mie. Mengine ni mazima.

Jumamosi hali ilikuwa hivi. Filamu iliisha kama saa kumi jioni. Unajua mwishoni majina yanapanda, na kila mtu anasimama kwenda zake. Mwenye kibanda hutaka nizime. Mie sizimi. Nina desturi yangu, nasoma majina ya wale waliochora, mpaka la mwisho, hata kama nabaki na benchi tupu. Wananiona kichaa, wamenizoea. Anayesikiliza ni Bi Zuhura, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, ambaye haoni filamu wala haingii, anashona tu huku kaacha sikio kwetu. Siku hiyo akasimamisha cherehani, akaita:

"DJ!"

"Naam, mama."

"Hao wazungu unawataja wote mpaka aliyewachemshia chai. Huyu Mtu Mpingo wako je? Kila filamu lazima umchomeke, mpaka wajukuu wangu wanajifunika magunia. Kamchora nani huyo? Mbona humtaji?"

Ni kweli, kaka. Kila shujaa anayeingia kwenye ile televisheni mie namwita Mtu Mpingo. Chamazi nzima inanijua kwa hilo. Hata hilo gunia nimelitumia.

Kabla sijajibu, Mzee Mkude akadakia: "Kamtunga DJ mwenyewe, nani mwingine? Akili ile ya kununua?"

Watu watatu waliokuwa mlangoni wakapiga makofi. Na mie niliinama. Niliinama kidogo hivi, kama mtu anayepokea chake. Kisha nikazima kipaza sauti, nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba nimechoshwa na mashujaa wanaoruka.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Sasa nakuambia mara ya kwanza, nami nitakuwa nimemaliza.

Mwaka ule niliokuja Dar, ulinipa madaftari niyapeleke kwenye lile jarida la vibonzo. Niliyapeleka wiki ya pili. Ofisi ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Mhariri alikuwa mtu mnene, anakula mihogo ya kukaanga, miwani kaiweka kwenye paji la uso. Alifungua daftari la kwanza kwa mkono mmoja. Alipofika kwenye gunia aliacha kutafuna. Akafuta vidole, akashusha miwani, akawaita wenzake wawili kutoka chumba cha ndani. Wakasimama nyuma yake wanasoma begani. Walimaliza madaftari mawili mazima wamesimama.

Kisha akaniangalia. Kaka, nilikuwa na siku kumi na moja mjini, hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia hivyo, wote walikuwa wananipisha tu kama mzigo. Akauliza, "Nani kachora?"

Nikasema, "Mimi."

Akasukuma karatasi mezani na penseli. "Haya. Mchore huyu Mtu Mpingo anakunywa chai."

Nilichora. Shemeji, msomee vizuri: nilichora mchi wenye masikio. Na kikombe nilisahau. Nilingoja wanicheke, ingekuwa nafuu. Hawakucheka. Yule mhariri aliitazama ile picha, akanirudishia madaftari yote saba mikononi, polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto kwa mwenyewe. Akaniambia neno moja, nami nikashuka ngazi, sikurudi tena.

Usiku huo sikukuandikia. Niliandika baada ya mwezi, nikasema wameyashikilia ofisini, na kwamba wameona ni michoro ya kitoto. Neno "kitoto" nililitunga mwenyewe. Ukanijibu kwa ile karatasi ya mistari: "Asante kwa kujaribu, mdogo wangu, umejisumbua bure." Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba daftari la nane, ulilokuwa umelianza, ulilichana ukafungia karanga za kuuza mnadani. Nimekuja likizo mara ngapi tangu hapo? Umenipokea stendi kila mara, umenibebea begi. Sijawahi kukuona tena umeshika kalamu, isipokuwa kuandika kilo za korosho.

Jumamosi ijayo nitawasha kipaza sauti mara moja, nitasoma jina lako mpaka la ukoo. Hiyo si kitu, najua. Watakuwa watu wanne na mmoja kalala.

Sikuombi uniambie yameisha. Muite Anita arudi ndani, mshike kidole, muanzie daftari la kwanza, mchana, karibu na mlango kwenye mwanga. Mambo mengine yangoje.

Ila ujue walichosema. Hawakusema kitoto. Yule mhariri aliponirudishia madaftari yako alisema: "Mlete."

Mdogo wako, mchora mchi wenye masikio,
Kasiani