Mama, Siku Uliyopanda Mashua Baringo

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kutoka Kampi ya Samaki, nimeketi kwenye ngazi za ofisi ya mashua. Ni asubuhi na mapema, na wageni wangu wa kwanza watafika wakati wowote. Shangazi bado hajakubali kazi yangu hii ya kutembeza wageni ziwani. Jana alinipigia simu: "Wambui, rudi nyumbani Free Area. Kibanda cha mamako kimefungwa na watu wanauliza mboga, wanataka sukuma wiki." Nikamwambia sirudi. Sikupandisha sauti.

Ulivyoyachukia maji, Mama! Siku Ziwa Naivasha lilipoingia nyumbani kwetu Kihoto, ulinibeba mgongoni, nami nikiwa msichana mzima wa darasa la sita, miguu ikiburuzwa majini. Tukahamia Nakuru kwa Shangazi, na hukutaka kuona ziwa tena. Kina mama wa chama chenu cha akiba walipopanga safari ya kuzuru visiwa vya Baringo, ulisema utakuja, lakini utabaki ufuoni kuchunga mabegi.

Naisiae ndiye aliyekugeuza. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu wa siku hiyo, msichana mwembamba aliyevaa kofia ya jua, na mashua alikuwa akiiendesha mwenyewe.

"Mathe, nipe dakika tano tu," alikuambia. "Zikiisha na bado unaogopa, nakurudisha."

Ukamtazama toka ndara hadi kofia. "Nani alikufunza hii kazi?"

"Baba. Alikataa miaka miwili, halafu akachoka kukataa."

Ulicheka, ukapanda. Dakika tano ziliisha na hukuuliza. Ulikuwa umemkodolea macho tai mwenye kichwa cheupe, aliyeshuka kama jiwe na kuondoka na samaki makuchani.

Kisiwani, Naisiae alitueleza kwamba zamani pale palikuwa mlima uliotema moto, na joto lake halijaisha. Mvuke ulitoka kwenye nyufa za mawe meusi, na chemchemi zilikuwa zikichemka. Ulichutama ukausogezea mvuke kiganja, taratibu, kama unayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. "Kumbe Mungu aliacha jiko likiwaka," ukasema. Karibu na hapo kenge alikuwa amelala juu ya jiwe la moto, ana urefu wa mtu.

"Huyu alifika aje huku?"

"Aliogelea, mathe."

Ukamtikisia kenge kichwa. "Basi wewe umenishinda."

Tulipokuwa tukirudi, injini ilizima katikati ya visiwa viwili. Kabla Naisiae hajaigusa, kiboko aliibuka, karibu kiasi kwamba niliona nywele za pua yake. Mume wa mwenyekiti wa chama, mzee mwenye mwili mkubwa, akasimama, mashua ikainama.

"Lete hiyo kasia! Huyu msichana atatuua!"

Sikuona ulivyomfikia. Nilichoona ni mkono wako umeshika koti lake. "Mzee, kaa chini. Huyu ndiye anajua hii maji."

Alikaa. Naisiae alipiga kasia polepole, bila kelele. Kiboko akazama, na hatukujua yuko wapi. Kucha zako zilikuwa zimezama mkononi mwangu. Naisiae alipoivuta kamba ya injini mara ya nne, ikawaka.

Ufuoni uliketi mchangani. Nilidhani utaapa kwamba hakuna mtoto wako atakayekanyaga mashua tena.

"Ile fomu ya chuo cha utalii uliyoficha chini ya godoro," ulisema. "Ijaze."

"Lakini Mama, umeogopa."

"Nimeogopa sana. Hata yule msichana ameogopa, nimeona mikono yake. Na bado ametufikisha."

Nilikuwa muhula wa pili na wa mwisho chuoni presha ilipokuchukua. Nilikwenda kufanya mtihani wa leseni ya kuongoza watalii wiki tatu baada ya kukuzika. Mtahini alinionyesha picha za ndege, ndege ninaowajua hata kwa sauti, na mdomo haukufunguka. Shangazi akasema hiyo ilikuwa ishara ya Mungu. Nami nikasema hiyo ilikuwa huzuni tu, na huzuni haiwezi kunichagulia kazi.

Basi nikaja huku kwa Naisiae. Nimefua jaketi za kuelea za wageni, nimeziba nyufa za mashua, nimejifunza kuiendesha, nimejifunza kuogelea kwa kumeza nusu ya ziwa. Nilirudia mtihani, nikapita. Siku hiyo nilikukasirikia, Mama. Nilitaka uwepo, uikague leseni yangu mbele na nyuma kama ulivyokuwa ukikagua ripoti zangu za shule. Nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini. Nitafanya hivyohivyo kila nitakapokukosa, maana nimeamua kubaki.

Nimeiacha barua hii kidogo kwa sababu wageni wamefika. Ni familia kutoka Nakuru. Baba yao amenisalimia, halafu akatazama nyuma yangu, akatafuta kila upande.

"Sasa, mwendesha mashua ako wapi?"

"Ni mimi," nimemwambia. "Vaa hili jaketi, mzee. Kaza kamba vizuri. Tunaondoka."

Wanakaza kamba, nami namalizia barua hii. Pumzika, Mama. Mimi naingia majini.

Binti yako,
Wambui